Siku Gari la Tatu Lilipokataa Jangwa

Sikuwahi kuelewa, na hadi leo sijaelewa sawasawa, kwa nini mtu mwenye gari zima na tangi lililojaa mafuta aiache barabara kwa hiari yake aende kuyatafuta matope. Nimeishi na swali hilo miaka mingi, na naliandika hapa si kwa sababu nimepata jibu lake. Naliandika kwa sababu katika kulifuata nilijifunza jambo jingine ambalo sikuwa nalitafuta.

Sisi wa huku matope tuliyajua kama mtu anavyoyajua maradhi ya kwao. Kabla ya lami, masika yakishika, mtu wa Nangurukuru mwenye shughuli Lindi aliaga nyumbani kama anayekwenda mbali. Basi liliweza kulala njiani siku tatu, abiria wakapika uji kando ya barabara, wakafahamiana, na wengine wakaposana. Hakuna aliyeona raha ndani yake.

Nilikuwa mwalimu wa madrasa katika kijiji kimoja nje kidogo ya Nangurukuru. Mambo yalikuwa yamefunguliwa miaka hiyo. Mtu binafsi aliruhusiwa kununua korosho na ufuta, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na mashirika mengi yakafungwa na mali zake kuuzwa. Katika mnada wa shirika moja nilipata Land Rover kuukuu, milango miwili ikifungwa kwa kamba. Nilisomesha asubuhi, na mchana nikabeba ufuta wa wakulima kutoka ndani ndani huko kuuleta njia kuu. Alhamdulillahi, gari lile lilitulisha.

Siku moja ya Jumamosi nilikuta magari matatu yanayong'aa yamezama katika udongo mweusi, na wenyewe wamesimama pembeni wanacheka na kupigana picha. Nikashuka, nikawaambia poleni.

Mmoja wao, mtu mnene mwenye kofia ya jua, akanijibu, "Hatujapatwa na lolote, Maalim. Tumekuja kucheza."

"Kucheza na nini?"

"Na haya," akasema, akionyesha matope yaliyomfika magotini.

Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta aliye mgonjwa wa akili. Wote walikuwa wazima. Yule mnene alikuwa na duka kubwa la vipuri Dar es Salaam, na wenzake walimwita Mwenyekiti. Mwingine alikuwa Mzungu, injinia wa barabara, aliyekuja nchini kupima njia zitakazotiwa lami. Nikamuuliza kwa nini siku zake za mapumziko anakwenda pasipo na barabara. Akafikiri, akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri, "Nadhani ni kwa sababu njia hizi mbovu nitaziua zote, Maalim. Nataka kuziona kwanza."

Niliwavuta. Gari langu bovu liliyatoa magari yao mapya, na kuanzia hapo nikawa mtu wao wa njia. Kila walipokuja kusini walinipitia, nikakaa kiti cha mbele katika gari la kwanza nikisema kulia, kushoto, hapo shimo. Wakati wa swala ukifika, Mwenyekiti alizima injini zote, na watu wakanyamaza mpaka nitoe salamu. Nilikuwa na kanzu na ndala, wao viatu vya ngozi na redio za kuongelea gari kwa gari, lakini hata siku moja hawakunionyesha kwamba pale si mahali pangu. Baada ya mwaka mmoja wakanifanya mwanachama. Nilimshukuru Mungu kwa watu wale, na niliamini kwa moyo safi kwamba kundi lao halimbagui mtu.

Niliamini hivyo mpaka alipokuja Sista.

Alikuwa mama wa Kimakonde, Mkristo, mjane wa miaka kama arobaini na mitano. Alifanya kazi ya ukunga serikalini muda mrefu, kwanza huku kwetu, kisha upande wa Lindi, na watumishi walipopunguzwa akapunguzwa naye, akafungua duka la dawa Mingoyo. Mradi mmoja wa afya ulipofunga ofisi yake aliuziwa gari alilokuwa akiliendesha mwenyewe kwenda kwenye kliniki za vijijini. Watu waliendelea kumwita Sista, na kwenye gari hilo waliendelea kupanda hivyo hivyo, kwa sababu uchungu wa uzazi haukupunguzwa pamoja na watumishi.

Tulisimama dukani kwake kununua dawa ya kichwa. Akatoka nje, akayazunguka magari, akainama kutazama chini yake. Kisha akanijia mimi, kwa kuwa katika wote ni mimi tu aliyenijua.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba, Sista."

"Hawa ndio wanaokwenda kukwama makusudi?"

"Ndio hawa."

"Na mimi nataka."

Nikamuuliza anataka nini hasa. Akajifuta mikono kwa kanga yake, akasema bila kunitazama, "Miaka ishirini naendesha gari, Maalim, na nyuma yangu kuna mtu analia. Ama anazaa, ama anakufa, ama ni mama yake. Sijawahi kuendesha nikasikia gari linavyolia lenyewe. Nataka siku moja tu niwe dereva, basi."

Nilipompelekea Mwenyekiti maneno hayo alitabasamu kwa upole. Akasema Sista anakaribishwa sana. Mke wake huja na sufuria la pilau, atafurahi kupata mwenzake wa kusaidiana naye, na viti vya nyuma vipo. Nilipomwambia kwamba mama huyu ana gari lake na anataka kuliendesha, tabasamu lile likabaki usoni bila mwenyewe kuwa nalo.

"Sasa hiyo, Maalim, ina kanuni zake."

Kanuni zilikuwepo kweli. Mtu mpya huletwa na mwanachama mmoja anayemdhamini. Siku ya majaribio huendesha kutoka asubuhi mpaka jioni katika mstari, mdhamini wake akiwa kando yake, na katika mstari hakuna kutoka bila ruhusa ya gari la kwanza. Jioni wanachama husema ndiyo au hapana. Nami nilikumbuka kwamba mimi sikujaribiwa siku hata moja. Nilipewa tu.

Swali likawa nani atamdhamini. Naona haya kusema kwamba nilichukua wiki tatu. Niliwaza watu wa msikitini watasema nini wakiniona nimekaa gari moja na mjane wa Kikristo tunakwenda maporini. Nikafungua vitabu, nikajipa sababu nyingi zenye heshima. Mwishowe nilimweleza mke wangu, aliyekuwa anapepeta mchele.

"Mtoto wetu wa tatu nani alinipeleka hospitali?" akaniuliza.

"Sista."

"Ulikaa wapi wewe?"

"Mbele, kando yake."

"Na ilikuwa usiku," akasema, akaendelea kupepeta.

Nikaenda kumdhamini.

Safari ilipangwa iwe ya upande wa Sudi. Mwenyekiti alikuwa ameitembelea njia Jumamosi iliyotangulia, akarudi amefurahi. Alikuwa amepata njia ya mkato inayopita jangwani. Kwa msomaji asiye wa pwani niseme kwamba jangwa la huku si mchanga. Ni uwanja mtupu ulio nyuma ya mikoko, udongo wake mweusi umefunikwa na chumvi, haumei kitu. Mwenyekiti alisema amelipita mara mbili kwenda na kurudi, gumu kama sakafu.

Tulikuwa magari matatu. Mwenyekiti na mke wake mbele, Injinia wa pili, Sista wa tatu na mimi kando yake. Asubuhi yote nilimtazama anavyoendesha, maana nilitakiwa kushuhudia. Hakuwa na mbwembwe. Kwenye mchanga alipunguza upepo wa matairi mwenyewe kabla hajaambiwa, akapita palipomshinda Injinia mara ya kwanza. Kwenye redio nikamsikia Injinia akisema, "Gari la tatu, hongera." Mwenyekiti akaongeza mwendo. Nilijua kwamba zikipita saa chache nyingine kama zile, mama huyu atakuwa amefika alikotaka, na kwa siri nikaanza kuomba dua siku iishe salama.

Tuliswali adhuhuri, tukala pilau, na kwenye saa tisa hivi tukafika ukingoni mwa jangwa. Gari la Mwenyekiti likaingia. La Injinia likafuata. La kwetu likasimama.

Sista alikuwa anatazama chini kupitia dirishani. Pale ukingoni palikuwa na mstari wa majani ya mikoko na povu kavu, umejipinda kufuata ardhi, kama uliochorwa.

"Haya majani mabichi yameletwa na nani?" akasema, zaidi kujiuliza mwenyewe. Kisha, "Maalim, leo mwezi wenu ngapi?"

Jibu nililikuwa nalo mdomoni. Siku tatu mfululizo nilikuwa nimefunga zile siku nyeupe, za kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, na pilau la mchana ule nilikuwa nimelila kwa hamu ya mtu aliyefungua jana yake.

"Kumi na sita."

Akazima gari.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikashangaa kwamba nimechelewa vile. Maisha yangu yote nauhesabu mwezi. Natangaza mfungo, natangaza Idi, watoto wananijia kuuliza. Lakini mimi ni mtu wa mashamba. Nilikuwa nauhesabu kwa ajili ya ibada, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba bahari nayo inauhesabu. Mwezi ukikamilika huja bamvu, maji makubwa yanayopanda mpaka mahali ambapo siku nyingine hayafiki. Sista alilijua hilo kwa sababu kliniki zake za Sudi zilikuwa zikikatika kila bamvu, lakini tarehe za mwezi hakuwa nazo. Na Mwenyekiti alilipima jangwa siku ya tisa, wakati wa maji mafu yasiyopanda mbali, kwa sababu yeye alihesabu Jumamosi.

Redio ikalia. "Gari la tatu, mbona umesimama?"

"Maji yanakuja, Mwenyekiti. Leo bamvu. Rudini."

"Maji yako wapi? Mimi naona chumvi tu."

"Yatafika kwenye saa kumi. Hapo ulipo yatapita."

Kikasikika kicheko. "Sista, hakuna ubaya kuogopa. Kama moyo umekataa, mpe Maalim usukani, yeye atalivusha. Mstari haukatiki."

Sista akaiweka redio mapajani. "Maalim, utaendesha?"

Naandika ukweli kwa sababu Mwenye kuujua anaujua. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitasa cha mlango ili nizunguke nichukue usukani. Niliwaza kwamba nikiendesha, mstari hautakatika, watu hawataudhika, na jioni tutaongea vizuri. Nilikuwa nimekwisha kusadiki habari ya maji, na bado mkono ulikwenda. Yeye alinitazama tu, kama anavyomtazama mgonjwa anayechagua dawa.

"Gari ni lako," nikasema.

"Basi halitoki hapa. Na ile siku yangu ya kuwa dereva tu wameshaninyima," akasema, akawasha, akalirudisha nyuma mpaka kwenye ardhi ngumu yenye minazi, akaligeuza likatazama tulikotoka.

Gari la Mwenyekiti lilikuwa limekwenda kama hatua themanini. Tuliliona linapunguza mwendo, linainama upande mmoja, kisha magurudumu yanazunguka bila kusogea. Ule ugumu wa wiki iliyopita ulikuwa ngozi tu, na maji ya jana yalikwisha kuilainisha. Injinia alisimama nyuma yake akajaribu kurudi, naye akazama. Na mbele yao, kutoka katikati ya mikoko, maji yakaanza kuingia. Hayakuja na kishindo. Yalikuja kama mtu anayetandika shuka.

Mwenyekiti alishuka akasimama akiyatazama. Mke wake alishuka upande wa pili, akajitwika sufuria, akaanza kurudi kwa miguu bila kumngoja.

"Hilo sufuria ni tupu," mumewe akamwambia kwa nyuma.

"Lakini ni langu," akajibu. "Gari ndilo lako."

Tuliunga kamba tatu na mnyororo mmoja. Mimi nilifunga kanzu kiunoni, nikaziburuta mpaka kwa Injinia, na Sista akavuta. Alivuta taratibu, gia ya nguvu, bila kunyakua, akinisubiri nimpungie mkono. Gari la Injinia likatoka. Kisha magari mawili yakafungwa pamoja kumvuta Mwenyekiti, na hapo maji yalikuwa yamefika kwenye milango. Mara mbili kamba ilikatika. Mara ya tatu lilitoka, likimwaga maji kila upande, na Mwenyekiti ndani yake ameshika usukani kama mwanafunzi. Niliswali alasiri pale minazini, nimechelewa na nimelowa, na sidhani kama nimewahi kusema alhamdulillahi iliyojaa kuliko ile.

Jioni tulikaa katika mkahawa mmoja Mingoyo. Kwa desturi hapo ndipo wanachama husema.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza, na alisema kwa sauti ya chini. Alimshukuru Sista mbele ya wote. Kisha akasema kwamba kanuni inamsumbua. Mtu wa majaribio alikata mstari bila ruhusa. Akimpitisha leo, kesho kila mgeni atasimama anapotaka.

Injinia aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Unamfelisha aliyekutoa majini?"

"Sijasema namfelisha. Nimefikiria. Tumpe uanachama wa heshima. Hana haja ya kujaribiwa tena, wala kuendesha. Atakuja nasi safari zote, bure."

Tulipumua. Mimi mwenyewe niliona ni busara, kila mtu ametoka na uso wake. Nilimgeukia Sista nikitegemea kumwona anashukuru.

"Heshima hiyo, Mwenyekiti, nitaikalia kiti gani?"

Mwenyekiti akakoroga chai yake.

"Mke wako ana heshima hiyo mwaka wa sita sasa. Muulize amewahi kushika usukani."

Mke wa Mwenyekiti alikuwa anachambua samaki. Akasema, "Leseni ninayo," akaendelea kuchambua. Nadhani mle ndani ni Sista peke yake ambaye hakushangaa.

"Mimi sitaki mnipitishe kwa sababu niliwavuta," Sista akasema. "Ningewavuta hata mngekuwa ng'ombe. Na sitaki kupita mlango wa wageni. Nimekata mstari, ni kweli. Nipeni siku nyingine nijaribiwe upya, kama mwanamume yeyote aliyekata mstari. Ila kanuni hiyo muiangalie. Mstari usiosimama hata mtu anapoona maji, huo ni ukaidi tu."

Injinia alicheka kwanza. Mwenyekiti akakaa akilifikiria, na nilimpenda kwa hilo, kwamba alilifikiria kweli. Kisha akasema kuanzia siku ile gari lolote likiona hatari litasimamisha yote, na Sista atajaribiwa masika yakishika, njia ya Nangurukuru kwenda Mbwemkuru, kwenye udongo mweusi. Akaniuliza kama nitamdhamini tena. Safari hii sikuchukua wiki tatu.

Usiku ule usingizi ulichelewa kunijia, nikijihesabia. Watu walioniwekea kimya niswali walikuwa wale wale waliotaka kumpa mwenzangu kiti cha nyuma. Hawakuwa watu wawili tofauti. Nami pia, niliyepokewa bila kuulizwa, ndiye niliyemchelewesha mwenye haki. Sikupata kitabu cha kunieleza hilo. Nilipata tu haya yangu, nikatubu.

Masika yalikuja mapema mwaka ule. Tulitoka Nangurukuru asubuhi, magari manne, maana ndugu wa Mwenyekiti alikuja na la nne. Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha abiria katika gari lake mwenyewe. Mkewe ndiye aliyeendesha. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, hata kwenye redio.

Njia ilikuwa mbaya kwa kiasi walichokitaka. Sista aliendesha vizuri mpaka kwenye bonde moja ambalo malori yalikuwa yamelichimba mfereji. Akachagua upande wa kushoto, mimi ningechagua wa kulia, na sote wawili tungekosea. Gari likateleza, likakaa, likazama mpaka kwenye ekseli. Nikamtazama.

Alizima injini. Mvua nyembamba ilikuwa inapiga paa, vyura wanalia kwenye madimbwi, na kiti cha nyuma kilikuwa na jeki na koleo tu. Akaegemea, akavua kitambaa cha kichwa, akajifuta matope shavuni, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha ndani, kama msichana aliyejificha mahali asipoweza kuitwa.

Akachukua redio.

"Mwenyekiti, gari la tatu limekwama. Kabisa."

"Limekwama sana? Tuje mbio?"

Akatazama nje, akatazama saa yake, akaivua na kuiweka kwenye dashibodi.

"Njooni taratibu tu," akasema. "Sina haraka."

Dakika chache baadaye nilimwona Mwenyekiti mwenyewe akishuka bondeni kwa miguu na kamba begani, matope yakimfika magotini. Alipofika dirishani hakumuuliza kama anaogopa, wala hakuniangalia mimi. Alimuuliza angependa avutwe kwa mbele au kwa nyuma. Sista akafikiri kidogo, akasema kwa mbele, na Mwenyekiti akainama kwenye matope akaanza kutafuta mahali pa kufunga.